Taulo Kavu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Taulo, na yeye mwenyewe alishaacha kununa. Ndani ya begi lake la kazi, chini ya koleo, testa, bisibisi na utepe mweusi, kulikuwa na taulo la bluu lililokunjwa vizuri, na kipande cha sabuni kwenye kopo la plastiki. Mteja mgeni akiliona alidhani fundi amekuja kuhamia. Mteja wa zamani alicheka tu, akamwonyesha mlango wa bafu.

Jina lilianzia kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Wakati huo fundi ndiyo kwanza alikuwa ameacha kuajiriwa na kuanza kujitegemea. Hakuwa na duka wala kibao. Alikuwa na simu, begi na midomo ya watu wa kumtangaza. Mwalimu alimwita amfungie hita ya kuogea, vile vidude vya plastiki vinavyokaa juu kwenye bomba la mvua, maji yanapita ndani yake na kutoka yakiwa moto. Kijana alipomaliza akajifuta jasho na kusema kwa majivuno, "Tayari, mama. Sasa unaweza kuoga."

Mwalimu akamtazama juu hadi chini. "Wewe ungeoga humo?"

"Ningeoga."

"Basi oga." Na sabuni akamtupia.

Fundi akaingia, akavua, akanyoosha mkono kwenye bomba. Hapo mkono ukagoma. Alisimama uchi kwenye bafu la watu akiiwazia skrubu moja baada ya nyingine, na kila moja akaitilia shaka. Mwisho alivaa suruali, akafungua hita nzima, akaikagua upya. Hakukuta kosa lolote. Lakini aliondoka pale na somo ambalo hakufundishwa na bosi wake wa zamani: fundi anayejua kwamba atavua nguo yeye mwenyewe hafungi waya sawasawa na fundi anayejua atavua mwingine. Tangu siku hiyo hakukabidhi hita yoyote kabla ya kuoga yeye kwanza. Maji yasipokuwepo bombani aliyasubiri. Kama wenye nyumba walikuwa na haraka, aliwaambia watafute fundi asiyependa usafi.

Watu walivunjika mbavu, lakini wakamwita. Aliyekuwa hacheki ni mke wake.

"Siku utakayokosea," alimwambia mara nyingi akianika lile taulo, "nitaitwa nije nikutoe uchi kwenye bafu la mke wa mtu. Niwaambie nini watoto?"

"Waambie baba yao alikufa msafi."

"Mjinga wewe." Alilikung'uta taulo kwa hasira mpaka likalia. Ila kila jioni, kabla hata ya kumuuliza mumewe kashindaje, alikuwa anafungua begi na kulishika taulo. Likiwa bichi alijua kulikuwa na hita, na kwamba mume karudi mzima. Kisha alilianika.

Sasa huyu mwanamume aliyevua nguo katika nyumba nusu ya mji alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa mama mkwe wake. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Alikuwa mama mpole, mpenda usafi, anayetembelea fimbo kwa sababu magoti yalishamsaliti. Lakini fundi akifika kwake alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani, akajibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama", akinywa chai kwa mafunda madogo. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuvuka sebule ile. Choo akikihitaji aliaga akaenda kujisaidia kwake. Mke wake alimwambia heshima ya namna hiyo ni maradhi, naye akajibu kwamba heshima haizidi.

Mama mkwe alihitaji hita kuliko mteja yeyote. Maji yake ya kuoga yalichemshwa jikoni, na binti yake, mke wa fundi, aliyabeba kwenye sufuria kupita korido nyembamba hadi bafuni. Siku moja mpini ulimponyoka, maji yakamwagika hatua moja tu mbele ya miguu ya mama. Jioni hiyo mke hakuomba tena. Alisema, "Mama yangu hababuki kwa sababu wewe unaona haya. Kesho unafunga."

Basi kesho yake akafunga. Na balaa lote lilitoka kwenye jambo moja: boksi la swichi za nyumba ile liliwekwa chumbani kwa mama, juu ya kichwa cha kitanda. Aliyeijenga nyumba alikuwa na akili zake mwenyewe. Bafuni fundi aliingia, maana bafu lina vigae na ndoo, unaweza kujidanganya kuwa ni la mtu yeyote. Alitoboa ukuta, akafunga hita, akaupitisha waya juu ya dari hadi chumbani. Lakini kule kwenye boksi ilibidi mtu aingie, apande karibu na mto wa mama mkwe, aziunganishe ncha tatu za waya huo. Fundi alifika kwenye pazia la mlango, miguu ikaota mizizi.

"Nipishe," alisema shemeji yake.

Shemeji huyu, kaka wa mkewe, alikuwa dereva wa lori. Waya za lori lake alizitengeneza mwenyewe, na kwa hiyo alijiona mhandisi wa dunia. Akachukua bisibisi, akaingia, fundi akabaki koridoni anaongea na pazia.

"Mwekundu chini ya swichi mpya. Mweusi kwenye shaba ya kushoto, ile yenye matundu. Ule wa kijani na njano, kwenye shaba ya kulia. Umeona?"

"Nimeona, shemeji. Mimi si mtoto."

"Kaza sana."

"Nimekaza mpaka bisibisi inalia."

Taa ndogo nyekundu ya swichi ya hita, nje ya bafu, ikawaka. Siku nyingine yoyote fundi angesema sasa naoga. Bombani maji hayakuwepo. Siku hiyo yalikuwa yatoke jioni. Siku nyingine yoyote angekaa ayasubiri. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi pale pale koridoni na fimbo yake, akimwombea baraka, na wazo la kuvua suruali ukuta mmoja kutoka kwa mama huyu lilimtoa kijasho chembamba. Akakusanya vyombo. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia begi.

"Huogi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maji hakuna."

"Yatatoka."

"Kuna fundi cherehani ananisubiri, taa zake zinacheza. Nimeacha kila kitu sawa." Na akatoka haraka, taulo likiwa kavu ndani ya begi.

Kwa fundi cherehani, mitaa michache kutoka pale, alipanda ngazi na kuanza kufungua taa ya darini. Jua lilikuwa linashuka. Chini mashine zilikuwa zinaguguna vitambaa, na fundi cherehani anamlalamikia mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Simu ikaita. Alikuwa shemeji, anapiga kutoka barabarani, sauti imejaa furaha na mngurumo wa lori.

"Shemeji! Kumbe kazi yenu rahisi hivi! Nikirudi nipe begi na mimi nianze kuzunguka."

"Na taulo utabeba?"

Shemeji akacheka sana. "Ila mwambie aliyetengeneza lile boksi aongeze matundu. Ile shaba ya kulia ilikuwa imejaa, hakuna pa kuchomeka hata sindano."

Fundi aliacha kuzungusha bisibisi. "Ukafanyaje?"

"Nikafanya akili. Ule wa rangi mbili nikaubana pamoja na mwekundu chini ya swichi. Nikakaza wote wawili. Usiwe na wasi, hautoki."

Waya wa rangi mbili ni wa ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ndani ya hita umeshikana na chuma kinachogusa maji. Ukiubana pamoja na mwekundu, hauondoi umeme tena, unauleta. Kufungua bomba lile ni kujimwagia umeme uliochanganywa na maji, na miguu iko juu ya sakafu iliyolowa. Hata mtu akizima ile swichi ya nje, waya wa ethi haupiti kwenye swichi. Na boksi lenyewe lilikuwa la kizamani, halina kile kifaa cha kujizima umeme unapovuja.

"Shemeji? Upo?"

Alikata simu bila kuaga, akampigia mke wake. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mkewe alikuwa kule kule kwa mama yake, na simu yake aliiacha sebuleni kila alipokuwa anamwogesha mama. Fundi alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Chini ya ngazi, kwenye sinki la fundi cherehani, bomba lililokuwa wazi tangu asubuhi likakohoa, likatema hewa, kisha likaanza kutoa maji.

"Yametoka!" alishangilia fundi cherehani. "Afadhali."

Fundi hakushuka ngazi, alianguka nayo. Begi akaliacha, taa ikaachwa inaning'inia kwa waya wake, na yeye akatoka nje, miguu niponye.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha wastani, na viatu vya mpira visivyojua mbio. Watu wa mtaa hawakuwahi kumwona anakimbia. "Fundi Taulo!" alipiga kelele muuza mkaa. "Leo umefumaniwa bafuni?" Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Fundi hakuwasikia, au aliwasikia wakawa kama redio ya jirani. Simu ilikuwa sikioni, inaita. Inaita.

Giza lilikuwa linaanza na taa za maduka zinawaka moja moja. Kinyozi akawasha yake. Duka la dawa likawasha. Maishani mwake yote mtu huyu alikula kwa sababu umeme upo, na akatukanwa kila ulipokatika, hata pasipokuwa na kosa lake. Sasa alikimbia anaomba ukatike. Ukatike mji mzima, ukatike mpaka asubuhi, wamtukane wanavyotaka. Taa hazikutikisika hata kidogo. Alizichukia moja moja.

Alijaribu kujifariji. Labda mama amelala. Labda kaja mgeni. Lakini mama alikuwa ameisubiri hita ile kama mtoto anavyosubiri nguo mpya, na magoti yake yalitaka maji ya moto jioni, si wakati mwingine. Na hatafungua bomba mama. Magoti hayamruhusu kusimama akitafuta joto. Atakayefungua, atakayeweka mkono kupima maji kabla mama hajaingia, ni mke wake. Wazo hilo lilipomfikia akajikwaa, akaanguka kwa magoti, akainuka. Kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Mita ya nyumba ile ilikuwa juu ya nguzo, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli; pale umeme usingekatwa. Aliitazama mara moja tu wakati anapita. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa. Akausukuma kwa bega. Simu ya mke wake ilikuwa juu ya meza ya sebule, inatetemeka na kujisogeza pembeni, jina lake mwenyewe likiwaka juu yake.

"Msifungue bomba!" alipiga ukelele.

Jibu lilikuwa sauti ya maji. Bafuni maji yalikuwa yanapiga ndani ya kitu, kwa kishindo, na mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Aliugonga kwa ngumi.

"Nakuja, Mama!" mke wake alijibu kutoka ndani. "Kaa kitandani, usisimame peke yako!"

"Usiguse! Usiguse bomba!"

"Eee, nakuja!"

Hasikii. Maji yanamziba masikio, na anadhani mama yake ndiye anayegonga kwa fimbo. Kuuvunja mlango ule kungechukua muda, na muda wenyewe hakujua kama upo. Nyuma yake, hatua chache, lilikuwepo pazia la chumba cha mama mkwe, limetulia, lina maua.

Alilipita pazia lile kana kwamba halikuwahi kuwepo.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya kitanda, tayari kwa kuoga, ana kitambaa kimoja tu mwilini, nacho kimelegea. Aliona mkwe wake anaingia mbio, mguu mmoja peku, macho yamemtoka pima, akapiga yowe ambalo hakuwahi kulipiga tangu ujana wake. Fundi hakusimama. Alipanda kitandani na matope yake, akakanyaga shuka jeupe, akakanyaga mto, akafungua kifuniko cha boksi na kuipiga swichi kuu kwa kiganja.

Nyumba ikawa giza.

Akabaki amesimama pale juu, mkono bado uko kwenye swichi, anasikiliza. Alisikiliza kwa mwili mzima.

"Aaah!" ilisikika sauti kutoka bafuni, imejaa kero. "Umeme nao!"

Hakuna sauti tamu aliyowahi kuisikia kuliko ile. Akashika ukuta. Chini yake, kwenye kiza, mama mkwe alikuwa anahema na kujivuta kitambaa mpaka shingoni. Fundi akatafuta neno la kusema, na katika maneno yote ya dunia akapata moja tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu mama, kwa sababu alilelewa vizuri. "Kuna moto?"

"Hakuna, Mama. Ulikuwa unakuja."

Komeo la bafu likalia, mke wake akaja na tochi aliyoipapasa mlangoni. Mwanga ukaanza na kiatu kimoja, ukapanda kwenye goti linalovuja damu, ukafika usoni.

"We mwanamume! Umepanda kitanda cha mama yangu?"

Fundi alishuka, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Ilikuwa imelowa, mizima. "Umegusa bomba la juu?"

"Bado. Kwani nini?"

"Waya umefungwa vibaya. Maji yale yana umeme."

Mke wake akamtazama, akaelewa. Akakaa kitandani karibu na mama yake.

"Hukuoga," alisema. "Nilikuona unatoka na taulo kavu. Nikasema mama yangu haingii kwenye maji ambayo hujayaoga. Lakini Mama kanikalia kooni tangu maji yatoke, hita, hita, mkwe wangu kanifungia hita. Nikamwambia basi, nijaze kwanza ndoo ya akiba kwenye bomba la chini. Ndoo ikijaa, nafungua la juu."

Na hapo wote watatu wakayasikia maji bafuni: hayapigi tena ndani ya ndoo, yanamwagika juu ya sakafu.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka kwanza. Alijifunga kitambaa sawasawa, akachukua tochi mkononi mwa binti yake na kummulikia fundi boksi. "Tengeneza," alisema. "Nakuangalia."

Fundi hakuwa na begi. Alitumia kisu cha jikoni, na ncha ikateleza kwenye skrubu mara kadhaa. Waya wa rangi mbili ulikuwepo kweli, umebanwa na mwekundu, umekazwa kwa nguvu za dereva wa lori. Akauchomoa. Kwenye shaba ya kulia akabana waya mbili za zamani kwenye tundu moja, akapata nafasi, akaufunga unapostahili, akauvuta kuhakikisha, akauvuta tena.

"Nani aliufunga vile?" aliuliza mama.

Mke wake alifungua kinywa, maana alijua nani aliingia chumbani mchana. Fundi akamwahi.

"Mimi, Mama. Kazi ilikuwa yangu."

Mama mkwe akazungusha mwanga wa tochi, ukatua usoni pake. "Mtaa mzima wananiambia mkwe wako kichaa, hafungi hita bila kuoga. Mimi nikawa najisifu. Kwangu ukashindwa kuoga kwa nini?"

"Niliona haya, Mama."

"Ya nini?"

"Ya kuvua nguo nyumbani kwako. Na ya kuingia humu."

Mama akalitazama shuka lake jeupe, nyayo za matope zikiwa zimepangana hadi kwenye mto. "Heshima yako ingeniulia mtoto," alisema, bila kupandisha sauti. Fundi akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka juu ya kisu cha jikoni, naye hakuyaficha.

"Washa umeme," alisema mama. "Kisha nenda ukaoge."

Akawasha. Akaingia bafuni, akafunga bomba la chini, akasukuma ndoo pembeni, akavua nguo zake na kuzitundika msumarini. Nje alisikia kiti kinaburutwa koridoni, kikasimama mbele ya mlango, na fimbo ikaegemezwa ukutani. Mkono wake ulifika kwenye bomba, ukagoma kama ulivyogoma siku ile kwa mwalimu. Alizipitia skrubu zote kichwani. Kisha akafungua.

"Yana moto?" aliuliza mama mkwe kutoka upande wa pili wa mlango.

"Yana moto, Mama."

"Yanauma?"

"Hayaumi."

"Basi usitoke kwanza. Mwenzako huku analia, mwache amalize."

Akabaki chini ya maji, goti linamwasha, anasikiliza kilio cha mke wake kikipungua kidogo kidogo. Kilipokwisha mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Taulo lake la bluu lilikuwa kwa fundi cherehani ndani ya begi, kwa hiyo mke alimletea moja la mama yake, jeupe, linanukia sabuni. Fundi akalipokea. Mkono ule haukurudi ulikotoka. Ulibaki pale mlangoni, kiganja wazi, mpaka akaushika.